Reli Iliyowaleta Ndiyo Iliyowarudisha

Machi 1993, stesheni ya Kolwezi, jimboni Katanga, nchini Zaire (Kongo ya leo), iligeuka kambi. Magodoro, masufuria na masanduku yalipangwa kando ya reli. Waliokosa nafasi pale walijibana kwenye madarasa ya shule. Wote walisubiri treni ya Kasai, na hakuna aliyejua itafika lini. Walikuwa Wakasai, na waliambiwa warudi kwao. Lakini wengi, hasa vijana, hawakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Walizaliwa hapohapo, katika nyumba za kampuni, na Kiswahili cha Katanga ndicho walichochezea utotoni.

Wazee wao waliletwa na reli hiyo. Njia ya treni ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa na Port-Francqui, Ilebo ya sasa, huko Kasai. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na shaba tele na watu wachache wa kuichimba. Ikaona afadhali kumchukua mwanamume pamoja na mkewe, kumpa nyumba kambini, posho, hospitali na shule ya watoto, kuliko kila mara kuleta vibarua wapya wa miezi michache. Kwa hiyo Mkasai hakuvamia Katanga, aliandikishwa kazi. Watoto wake walisoma, wakawa makarani, mafundi na walimu.

Ugomvi ulianza na kura. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa serikali za mitaa katika miji michache, na katika mitaa ya Waafrika ya Elisabethville wageni kutoka Kasai na Kivu wakawashinda wenyeji. Mwaka uliofuata wenyeji waliunda Conakat, chama ambacho Moïse Tshombe alikitumia kuitenga Katanga Julai 1960. Swali lilikuwa tayari mezani: anayefanya kazi na kulipa kodi hapa ana haki ya kutawala hapa?

Utengano ulishindwa Januari 1963, lakini swali halikuzikwa. Lilirudi miaka ya 1990, wakati Rais Mobutu alipolazimika kukubali vyama vingi. Agosti 1992 mkutano mkuu wa taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa waziri mkuu, na Nguz Karl-i-Bond wa Katanga akapoteza kiti hicho. Chama cha Nguz, UFERI, kilikuwa na umoja wa vijana ulioitwa JUFERI. Gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, naye alikuwa wa chama hichohicho. Wakasai wakaitwa bilulu. Kwa Kiswahili cha huko, kilulu ni mdudu.

Vijana wa JUFERI waliowafukuza Wakasai walikuwa na njaa ya kweli. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990. Gécamines, kampuni ya migodi iliyorithi Union Minière na iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha tani 50,000 mwaka 1993. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu kizima kuhusu wana wa Shaba (jina la Katanga enzi za Mobutu) waliotelekezwa na baba yao, yaani kampuni. Kijana asiye na kazi akaambiwa kazi yake imeliwa na jirani, naye akaamini. Mimi siwatetei, ila lawama kubwa naiweka kwa viongozi waliosimama jukwaani. Mobutu naye alinufaika wapinzani wake walipotafunana.

Mji wa Likasi ulitangulia kufukuza, Kolwezi ikafuata. Katika jimbo zima waliong'olewa walikuwa mamia ya maelfu, na wengi walikufa kwa maradhi wakisubiri treni au wakiwa ndani yake. Hapa hapakuwa na mpaka wa nchi: kila aliyekaa pale stesheni alikuwa raia wa Zaire, sawasawa na aliyemfukuza.

Leo vijana wa Kasai wanaingia tena Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, kutafuta kobalti. Kyungu alifariki 2021. Miaka miwili kabla ya hapo, Rais Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli.