Vumbi la Siyu lina nini ndani?

Uzi kuhusu makaa ya mawe ya Lamu. Sitaji mtu wala chama, kwa hiyo tulieni.

Mimi ni mtu wa Siyu, kisiwani Pate. Ng'ambo ya maji, bara, kuna Kwasasi, palipopangwa mtambo wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likaifuta, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo siasa ikipamba moto utasikia "umeme na kazi!", na huku "sumu!". Sawa, lakini sumu gani, na imepimwaje?

Wengi mnatuma picha za vile vimashine vidogo vya kuhesabu chembe hewani. Vinasaidia, ila vinahesabu tu, havijui chembe ni ya nini. Siyu hewa ina chumvi ya bahari na moshi wa majiko. Wazee walichoma mawe ya bahari kupata chokaa ya kujengea, na moshi ule nao ulikuwa na vumbi lake. Mashine kwake chembe ni chembe. Kifua chako kinajua tofauti.

Kujua kilichomo, hewa huvutwa na pampu kupitia karatasi ya chujio, kwa kawaida saa 24. Karatasi hupimwa uzito kabla na baada, kisha hupelekwa maabara kutafutwa risasi, aseniki na wenzake. Na hapa wengi hukosea: zebaki ya makaa ya mawe nyingi hutoka kama mvuke. Chujio la vumbi peke yake halitaikamata, inataka kifaa chake. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti ya vumbi tu na kusema zebaki hakuna, mrudishe.

Tushapitia haya. Kenya iliachana na petroli yenye risasi 2006. Miaka yote ile risasi ilitoka kwenye ekzosi ikiwa chembe ndogo mno, na kwa macho ulikuwa moshi wa gari tu.

Halafu kuna upepo. Ukipima Januari, umepima kaskazi. Kusi bado hujaiona, na ikigeuka moshi nao unageuka. Kipimo cha Lamu lazima kipite misimu yote miwili, na kianze kabla jiko halijawashwa. Ukianza baada, kampuni itasema vumbi lilikuwepo tangu zamani, na sisi tutajibu kwa karatasi gani?

Atakayekuja Siyu kuomba kura, muulizeni hilo kwanza.