Ann Gregory, mpishi wa karamu aliyeingia uwanjani bila kubisha hodi

Mtu akiuliza ni mwanamke gani mweusi wa kwanza kujipatia jina katika gofu ya Marekani, wengi humtaja Althea Gibson, bingwa wa tenisi aliyejiunga na wanagofu wa kulipwa miaka ya 1960. Jibu hilo linamruka mama mmoja wa Gary, jimbo la Indiana, aliyekuwa ameshatangulia.

Ann Gregory alizaliwa Aberdeen, Mississippi, mwaka 1912. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akakulia nyumbani kwa Wazungu akiwatumikia. Baadaye alihamia Gary, mji uliozaliwa 1906 kwa sababu ya viwanda vya chuma, na mwaka 1938 akaolewa na Percy Gregory. Walijaliwa binti mmoja. Kazi ya Ann ilikuwa jikoni: aliandaa vyakula vya karamu katika University Club ya mji huo.

Mwanzoni gofu ilikuwa ya mume. Percy alipochukuliwa na jeshi la wanamaji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mkewe akashika fimbo, akafundishwa na Calvin Ingram, mchezaji hodari wa Gary. Wakati huo chama cha wanagofu wa kulipwa, PGA, kilikuwa na kifungu kilichowataka wanachama wawe Wazungu tu. Kifungu hicho hakikuondolewa hadi 1961. Weusi walikuwa na mashindano yao wenyewe, na huko Ann alitwaa vikombe hadi magazeti yao yakamwita malkia.

Septemba 1956, huko Indianapolis, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kucheza ubingwa wa taifa wa wanawake wa ridhaa. Alipangiwa Carolyn Cudone wa New Jersey, akashindwa, lakini mechi ilifika shimo la 17. Kwa mgeni wa jukwaa lile, si haba hata kidogo.

Matusi hayakukosekana. Mwaka 1959, mashindano hayo yalipofanyika katika klabu ya Congressional, karibu na Washington, klabu haikumruhusu kuhudhuria chakula cha jioni cha wachezaji. Akatafuta hambaga mahali pengine, akala, akalala, kesho yake akacheza. Mwaka 1963 huko Massachusetts, mshindani mmoja alimdhania mtumishi, akamwagiza hanga ya koti. Ann akamletea. Wapo watakaouita unyonge. Mimi naona alikataa kuwapa watu wale nguvu alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mchezo.

Na kama ni unyonge, basi mambo ya Gleason Park hayaelezeki. Bustani hiyo ya umma mjini Gary ilikuwa na viwanja viwili: kidogo cha mashimo tisa kwa weusi, na kikubwa cha mashimo 18 kwa Wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ann alikwenda kile kikubwa, akaweka pesa ya kiingilio kaunta, akawaeleza kwamba kodi yake ndiyo inayokitunza, kisha akaenda kupiga mpira wake. Hakuna aliyemzuia. Weusi wengine wakafuata.

Wakati huo mchezaji wa ridhaa hakulipwa hata akishinda, na pengine ndiyo maana jina la Ann halivumi: hakuna orodha ya mapato ya kumkumbushia. Safari zote hizo alizifanya akiwa na mume, mtoto na masufuria ya karamu za watu.

Mwaka 1971, kwenye ubingwa wa taifa wa wanawake wakongwe, Sea Island, Georgia, alikutana tena na Cudone. Safari hii tofauti ilikuwa pigo moja tu. Cudone akabeba kikombe, kimoja kati ya vitano alivyochukua mfululizo kuanzia 1968. Ann hakuacha fimbo. Mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 76, alinyakua medali ya dhahabu kwenye michezo ya kitaifa ya wazee. Alifariki Februari iliyofuata.