Mwenye Soko na Kodi Isiyo Yake

Tangu msimu wa 2024/2025, korosho za Masasi na Newala zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kabla ya hapo wanunuzi walipeleka barua za zabuni, zikaingizwa kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi bei zinashindana kwenye mfumo, na wakulima walio chini ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU upande wa Newala, au MAMCU upande wa Masasi, wanakaa mkutanoni kuamua kama wanairidhia bei au wanaikataa. Oktoba 2024 bei ya kilo ilipita shilingi 4,000.

Kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia kwenye akaunti ya mkulima kuna makato: fungu la chama cha msingi, la chama kikuu, gharama za ghala na usafirishaji. Halafu kuna ushuru wa mazao wa halmashauri, asilimia 3 ya bei. Mkulima akitaja vitu hivi huvitaja kwa pumzi moja: "tumekatwa." Lakini ushuru wa mazao sheria imemtwika mnunuzi. Kwamba mnunuzi huupigia hesabu kabla ya kutaja bei yake, hilo ni kweli, na mkulima ana haki ya kulilalamikia. Ila kubebeshwa mzigo na sheria ni jambo moja, na kuhamishiwa mzigo kupitia bei ni jambo jingine. Tukiyaita yote makato, hatutajua malalamiko tuyapeleke halmashauri, kwa mnunuzi au kwa viongozi wa chama.

Nimeanzia mnadani kwa sababu mkanganyiko huo huo unainyemelea dhana ya kodi inayoenea duniani ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia: sheria inapomtaka mwenye soko la mtandaoni amtoze mnunuzi kodi na kuiwasilisha serikalini, badala ya muuzaji kufanya kazi hiyo.

Tuseme ndugu wa mchongaji wa Newala anaishi Toronto na anauza vinyago vya Kimakonde kupitia soko la mtandaoni la Etsy. Mteja wa Texas anachagua kinyago cha dola 200. Kwenye ankara anaona bei, gharama ya kusafirisha, na chini yake kodi ya mauzo. Ya jimbo la Texas ni asilimia 6.25, yaani dola 12.50 kwa bei hiyo, kabla ya nyongeza za miji. Etsy inaipokea kodi hiyo na kuipeleka Texas. Muuzaji wa Toronto haigusi, wala haitoki kwenye dola zake 200. Kamisheni ya Etsy ndiyo inayotoka humo, nayo si kodi.

Utaratibu huu ulishika kasi baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 2018, kuamua katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair kwamba jimbo linaweza kumtaka hata muuzaji asiye na duka ndani ya jimbo hilo akusanye kodi ya mauzo. Kuwafuata wauzaji wadogo mmoja mmoja ni kazi isiyoisha, kwa hiyo majimbo yakawageukia wenye masoko. Kanada nayo, tangu 1 Julai 2021, inawataka wenye majukwaa wakusanye kodi kwenye baadhi ya mauzo ya wauzaji wasiosajiliwa wanaouzia wateja walioko Kanada.

Sasa tuiiteje? Wapo watakaokimbilia "kodi ya zuio", na hapo watakuwa wamepotea. Mpangaji wa fremu Masasi mjini akilipa pango la biashara, huzuia asilimia 10, akaipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, na kumpa mwenye nyumba hati. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, imezuiwa kwenye pato lake. Ya Texas ni ya mnunuzi, imeongezwa juu ya bei.

Jina "kodi ya mauzo" lenyewe tunalo. Tanzania ilikuwa na kodi hiyo mpaka 1 Julai 1998, nafasi yake ilipochukuliwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Linalosumbua ni jina la mkusanyaji. Waamerika wanamwita kwa neno lenye maana ya mwezeshaji wa soko, lakini kwetu mwezeshaji ni mtu wa semina. "Wakala" nalo halifai: kila kona ya Newala lina maana ya kibanda cha kutuma na kutoa pesa, na katika sheria wakala hutumwa na mkuu wake, ilhali Etsy haikutumwa na muuzaji kukusanya kodi. Imelazimishwa na sheria.

Mimi nasimama na "mwenye soko", na tendo lenyewe liwe "utozaji kodi kupitia mwenye soko". Kitenzi ni kutoza, maana anayetozwa ni mnunuzi. Kukata kubaki kwa kinachotoka kwenye fedha ya muuzaji, kuzuia kubaki kwa anayelipa pato la mwenzake. Vitenzi hivi vitatu vinajitosheleza, mradi visichanganywe.

Jina hili linaonyesha pia mahali ambapo utaratibu unakoma. Wakulima wa kusini wanaijua kangomba, biashara ya korosho inayofanyika gizani nje ya mnada, ambako hakuna chama cha kushika hesabu. Anayeuza vinyago kwa Instagram na kulipwa moja kwa moja kwenye simu havunji sheria kwa kufanya hivyo, lakini naye yuko nje ya soko: hakuna mwenye soko wa kumtoza mnunuzi kwa niaba ya serikali, na wajibu wowote wa kodi unabaki kwake. Hata aliye ndani ya soko, kodi ya mapato ya faida yake haikulipwa na Etsy. Bado anadaiwa huko anakoishi.

Naliomba Baraza la Kiswahili, BAKITA, pamoja na TRA walitazame jambo hili kabla miswada ya fedha haijaleta tafsiri ya haraka. Na wewe unayeuza mtandaoni, ukipata ankara, tafuta mstari wa kodi na uone umewekwa juu ya bei yako au umetolewa ndani yake.