Kujitawala na Kujiamulia: Istilahi Mbili Katika Suala la Palestina

Vyombo vyetu vya habari vinapoizungumzia Palestina, "haki ya kujitawala" hubebeshwa kila kitu: dola huru, mamlaka ya ndani, hata halmashauri ya mji. Mzigo huo ni mzito mno. Ibara ya kwanza ya mikataba miwili ya haki za binadamu ya 1966 inasema kwamba watu wana haki ya kuamua kwa hiari hadhi yao ya kisiasa. Kiswahili kinachobeba maana hiyo ni kujiamulia. Kujitawala ni kuendesha shughuli zako, na unaweza kupewa ruhusa ya kufanya hivyo na mtu aliyebaki na neno la mwisho. Tofauti hiyo si ngeni huku kwetu: Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru tarehe 12 Desemba, na hakuna anayezichanganya sikukuu hizo mbili.

Palestina iliachwa kwenye hatua ya kwanza. Makubaliano ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, ya 13 Septemba 1993, yalihusu mpango wa mpito wa kujitawala, wa muda usiozidi miaka mitano. Miaka hiyo imepita mara kadhaa, na mpito bado upo. Tazama forodha: bidhaa za Wapalestina zikishushwa bandari ya Ashdod nchini Israel, ushuru hukusanywa na Israel, ikakata asilimia 3 kuwa gharama za ukusanyaji kisha ikapeleka fedha zinazobaki kwa Mamlaka ya Palestina, iliyozaliwa na mpango huo, au ikazizuia kukiwa na mvutano. Kitambulisho nacho hutolewa na Mamlaka, lakini daftari la wakazi linadhibitiwa na Israel. Katika Eneo C, ambalo ni takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, kibali cha kujenga nyumba huombwa kwa utawala wa Israel. Mawaziri wapo, polisi wapo, bendera inapepea. Uamuzi uko kwingine.

Wapo watakaosema kujiamulia ni jina jingine tu la kudai dola. Sivyo. Azimio 2625 la Umoja wa Mataifa, la 1970, linataja dola huru, ushirika wa hiari na dola nyingine, kuungana nayo, au hadhi nyingine yoyote ambayo watu wenyewe wameichagua. Kwa hiyo madola mawili, dola moja yenye uraia sawa, au shirikisho, yote yanaweza kuwa matunda ya haki hii, na mimi sioni kwa nini mji mkuu wowote wa kigeni umchagulie Mpalestina mojawapo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wayahudi pia wana haki hiyo, na usalama wao uko hatarini. Haki yao haihitaji kukanushwa. Lakini haki ya watu mmoja haiifuti ya wengine, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya 19 Julai 2024, ilisema dola inayokalia ardhi haiwezi kuiwekea masharti haki ya Wapalestina ya kujiamulia. Kuhusu mgawanyiko wa vyama vya Fatah na Hamas tangu 2007, unaotajwa kuwa dalili kwamba Wapalestina hawako tayari, jibu ni la zamani. Azimio 1514 la 1960, lililozaliwa wakati Afrika ikiambiwa bado haijakomaa, linakataza kutokuwa tayari kugeuzwa kisingizio cha kuchelewesha uhuru.

Swali gumu limo ndani ya kiambishi "ji": nani anayejiamulia? Wakimbizi waliosajiliwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, wanakaribia milioni 6, wengi wao wako Jordan, Lebanon na Syria. Uchaguzi wa Bunge wa 25 Januari 2006 ulifanyika Ukingo wa Magharibi, Gaza na Jerusalem Mashariki. Hao wa nje hawakuwa na sanduku la kura. Uchaguzi uliopangwa Mei 2021 uliahirishwa. Basi mhariri anayeitaja Mamlaka ya Palestina aandike kujitawala, kwani ndicho ilicho nacho; neno kujiamulia alitunze kwa ile kura ambayo Wapalestina wote, wa ndani na wa kambini, bado hawajapigishwa.