Si Darasa Lililopinduliwa, ni Somo Tangulizi

Wamelitoa tena. Katika mwongozo mmoja wa walimu wa Kiingereza wa shule za msingi, ile njia ambayo Wamarekani huiita "flipped classroom" imeandikwa "darasa lililopinduliwa". Njia yenyewe walimu wanaijua: mtoto husikiliza maelezo nyumbani, kisha hufanya zoezi mbele ya mwalimu. Nauliza tu: limepinduliwa na nani, na madawati yameangukia wapi?

Kupindua kwa Kiswahili si jambo la upole. Ngalawa ikipinduka, watu huogelea. Serikali nayo hupinduliwa, na Zanzibar huadhimisha Mapinduzi yake kila Januari 12. Mwalimu aliyemwambia mtoto wa darasa la tatu akasikilize maneno nyumbani hajapindua kitu. Waungwana wengine, labda kwa kuona haya, wakaleta "darasa geuzi". Heri hao kidogo, ila tangu vyama vingi virejee Tanzania mwaka 1992, kila chenye mageuzi kinanukia jukwaa la kampeni.

Kosa kubwa zaidi limo katika "darasa". Neno hili ni la Kiarabu, limetoka kwenye mzizi wa kusoma, ukoo mmoja na madrasa. Pwani hadi leo watu huhudhuria darsa msikitini, wakikusudia somo, si kuta nne. Shuleni ndiko neno lilikofungiwa chumbani. Na walioasisi njia hii hawakushughulika na chumba. Wahadhiri wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Miami, Ohio, waliiandikia makala mwaka 2000; Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa Woodland Park, Colorado, walianza mwaka 2007 kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa shule. Wote walibadili zamu: maelezo yaanze nyumbani, zoezi lifuate mbele ya mwalimu.

Kuanza huko Kiswahili hukuita kutangulia. Tangulia huzaa tanguliza, nayo tanguliza hutupa "tangulizi", kama elekeza ilivyotupa "elekezi". Sijasikia dereva akilalamika kwamba haelewi bei elekezi ya petroli. Basi ni "somo tangulizi". Tena linanyambulika: mwalimu huwatangulizia watoto somo, nao hutanguliziwa. Hebu jaribu kuwapindulia watoto darasa, uone wazazi watakavyokuja juu.

Pendekezo hili nililifikisha kwa maandishi mbele ya kamati moja ya istilahi. Nikajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Kazi iliyofanyika ndiyo hiyo mnayoisoma kwenye mwongozo. Mjuzi mmoja alidai kwamba "tangulizi" litachanganywa na utangulizi wa kitabu. Kwa hoja hiyo tufute na "mtangulizi", maana mkuu wa shule aliyestaafu asije akadhaniwa kuwa ukurasa wa kwanza.

Ama matumizi, ni mepesi: mwalimu atume kwa simu ya mzazi sauti fupi yenye majina ya matunda na maneno ya kuuliza bei, au karatasi ya picha kwa asiye na simu janja, kesho yake watoto wapange maembe juu ya dawati wapatane bei kwa Kiingereza.

Walimu, msingoje waraka. Kwenye andalio lenu la kesho andikeni "somo tangulizi". Likishazoeleka vinywani mwenu, kamati italiidhinisha, na itasema lilikuwa lake tangu mwanzo.