Chuo cha Sanaa cha London na Elimu ya Mikono

Wako watu wengi wanaodhani kwamba kazi ya mikono si elimu. Leo napenda kuwaelezeni habari za chuo kimoja cha London, ambacho historia yake yaonyesha jinsi dhana hiyo ilivyokuwa nzito kuondoka.

Mwaka 1835 Bunge la Uingereza liliweka kamati ichunguze sanaa na viwanda. Sababu yake ilikuwa biashara. Waingereza walikuwa na mashine nyingi, walakini nakshi za Wafaransa zilisifiwa kuliko zao. Basi mwaka 1837 serikali ikafungua shule ya kubuni nakshi katika jumba la Somerset House.

Shule hiyo ilianza kwa njia nyembamba. Wanafunzi walinakili mapambo. Na hapo mwanzo hawakuruhusiwa kuchora umbo la mtu, maana ilihofiwa kwamba wangeacha viwanda wakawa wachoraji wa picha. Mwaka 1896 ikapewa jina la Royal College of Art. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifundisha hapo W. R. Lethaby, mjenzi mwenye sifa, aliyeshikilia kwamba abuniye kitu yampasa kwanza kuijua kazi yenyewe, iwe ya mti, jiwe au udongo.

Mwaka 1967 chuo kilipata hati ya kifalme, kikaweza kutoa digrii zake chenyewe. Wasomao huko hasa ni wale waliokwisha maliza masomo ya digrii ya kwanza.

Mmoja wao alikuwa Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, aliyesoma huko tangu 1979 hata 1982. Kabla ya hapo, mwaka 1974, alikwenda Nigeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi wa Kigwari. Vyungu vyake huvifinyanga bila gurudumu, huvisugua hata ving'ae, kisha huvichoma. Vingine hutoka vyekundu, vingine vyeusi. Leo vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Tazameni, basi: taifa la viwanda lilikawia miaka 130 kukipa chuo hicho uwezo wa kutoa digrii, na mwanafunzi wake huyo alikuwa amekwisha kufundishwa na wanawake wafinyanzi. Mwalimu amkemeaye mtoto kwa kushika udongo, na afikiri kwanza ni elimu gani anayomnyima.