Mpira wa shule Jinja na Mbale: kutoka Mwiri mpaka karatasi za mchezaji

Ndugu zetu, kila mwaka msimu wa mpira wa shule ukianza hapa Uganda, grupu letu linajaa ubishi uleule. Mashariki mwaka huu atatoka nani? Waliosoma Jinja wanasema Jinja SSS. Waliosoma Mbale wanataja Mbale SS, na kuna mzee mmoja wetu asiyeacha kuitaja Nabumali. Halafu anatokea mtu anasema nyie wote mnapiga kelele, kombe ni la Kitende.

Tumeona afadhali tuandike. Wengi wetu tunajua benchi lote la Arsenal, lakini uwanja tunaoukanyaga sisi wenyewe hatujui historia yake. Na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, msiondoke mapema, huko mbele kuna jambo linalowahusu.

Mpira ulifikaje?

Mpira wa miguu uliingia Uganda kwa mikono ya wamisionari wa Kiingereza, pale Mengo, mwaka 1897. Mmoja wa wanaotajwa kuuleta ni George Pilkington, yule aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda. Mwaka huohuo hakuumaliza. Askari wa Kisudani waliokuwa wakitumikia Waingereza waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, Busoga, kando ya ziwa, si mbali na Jinja ya leo. Pilkington aliuawa huko Desemba 1897. Kwa hiyo mmoja wa walioleta mpira alikufa upande huu wetu wa mashariki, kabla Jinja haijawa mji.

Wale askari nao walikuwa watu waliotolewa kwao mbali, wakapigishwa vita nchi ya watu. Tunalisema hili kwa sababu historia ya Busoga huwa inasimuliwa kama vile wageni wamefika jana. Sivyo.

Shule za mlimani

Baadaye zikaja shule. Busoga College Mwiri ilianza mwaka 1911 huko Kamuli, ikiwa shule ya watoto wa machifu, ikahamia mlima wa Mwiri mwaka 1933. Ukitoka Jinja kwenda Iganga unauona ule mlima, na chini yake mashamba ya miwa ya Kakira. Milton Obote alisoma pale. Upande wa Mbale, Nabumali High School ilianzishwa na wamisionari wa CMS karne ya 20 ilipoanza, kwenye njia ya kwenda Tororo. Soroti kukawa na Teso College Aloet, Jinja kukaongezeka Kiira College Butiki, nayo mlimani vilevile.

Shule hizi zilifundisha michezo kama zilivyofundisha hesabu. Kulikuwa na mabweni yanayoshindana, kofia na rangi za shule, na mwalimu aliyeamini kwamba kijana asiyekimbia asubuhi hatakuwa kiongozi. Ndiyo maana mpaka leo Mwiri na Butiki ukizitaja pamoja huzungumzi mpira wa miguu tu. Unazungumza raga, na zaidi unazungumza kriketi. Busoga ni moja ya ngome za kriketi ya shule katika nchi hii. Uganda ilipocheza Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza, Juni 2024, na kuifunga Papua New Guinea, watu wengi kambini waliuliza kriketi ni nini. Mtoto wa Jinja hakuuliza.

Shule za mjini zilikuja na mtindo mwingine. Jinja SSS na Mbale SS ni shule kubwa, zimejaa wanafunzi wa kila kabila na kila mfuko. Hapo ndipo ushindani wenyewe ulipata moto. Mlimani wana historia, mjini wana watu. Mechi ya shule ya mlimani na shule ya mjini ni mechi ya mtoto wa bweni na mtoto wa mtaa, hata kama hakuna anayelisema hilo kwa sauti.

Miji ya kazi

Lakini shule peke yake haijengi mpira. Mji ndio unaojenga. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukapatikana, viwanda vikaota Jinja kama uyoga. Nytil ilisuka nguo, Kakira ilikuwa tayari inasaga miwa. Wafanyakazi walitoka kila pembe: West Nile, magharibi mwa Kenya, Rwanda, na Kongo pia. Watu wa makabila hayo wakikutana kiwandani wanaongea nini? Kiswahili, hichihichi chetu. Kambi ya jeshi ya Jinja nayo ilikuwa ya Kiswahili tangu enzi za KAR. Kwa hiyo mtu akikuambia uwanjani Jinja kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, mwambie polepole kwamba babu yake huenda alikitumia kuomba kazi.

Mbale ilikua kwa kahawa. Chama cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, mwaka uleule wa bwawa, na kahawa ya Mlima Elgon ikasomesha watoto wengi. Mji ulisifiwa kwa usafi Afrika Mashariki nzima. Timu ya mji, Gangama United, ilichukua Kombe la Kakungulu mwaka 1976. Baadaye ikajulikana kama Mbale Heroes, ikalichukua tena mwaka 1999. Hapa watu huchanganya: Kakungulu wa kombe ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu. Kakungulu aliyeanzisha mji wa Mbale ni Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyekuja mashariki na watu wake. Ni watu wawili tofauti, msibishane tena.

Pesa za makampuni nazo si jambo jipya. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, lilibeba jina la mtengenezaji sabuni. Leo BUL FC ya Jinja ni timu ya Bidco, kampuni ya mafuta ya kupikia na sabuni. Mwaka 2022 BUL iliifunga Vipers 3-1 kule Masindi ikachukua Kombe la Uganda. Na mashindano ya sekondari yenyewe kwa miaka mingi tuliyajua kwa jina la Copa Coca-Cola. Karibu miaka mia imepita, na bado mpira wetu unaogeshwa kwa sabuni na kunyweshwa soda.

Kisha kuna mwaka 1972. Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke nchini. Jinja ilikuwa mji wao mkubwa. Walifunga maduka, wakaacha nyumba, viwanja, shule walizosaidia kujenga. Familia ya Madhvani, wenye Kakira, walirudi miaka ya 1980 wakakuta sehemu kubwa imeanguka. Shule moja ya jirani bado inabeba jina la mzee wao: M.M. College Wairaka, yaani Muljibhai Madhvani. Sisi tuliofukuzwa kwetu tukipita kwenye mitaa ile yenye nyumba za zamani, tunaisoma kwa macho mengine. Mji huu unajua watu wakiondoka kwa amri inakuwaje. Unajua pia kwamba wakirudi kazi inaanza tena.

Kufika taifa ni ngazi

Sasa turudi kwenye ubishi wa grupu. Shule inaanza na majirani zake kwenye zoni na wilaya. Ikipita inaenda kanda, ikipita kanda inaenda mashindano ya taifa ya USSSA. Wanaofanya vizuri taifa wanakwenda FEASSSA, michezo ya sekondari ya Afrika Mashariki. Mwaka 2022 ilikuwa Arusha, 2023 Huye kule Rwanda, na 2024 ikaja hapahapa kwetu, upande wa Mbale na Bukedea.

Kizuizi kinajulikana. St. Mary's Kitende ina mataji ya taifa kuliko shule yoyote, na nyuma yake kuna Vipers, timu ya ligi kuu yenye mwenye mali mmoja na shule. Kijana mwenye kipaji Bugembe au Namatala anaonwa mapema, anapewa basari, anapanda basi la Kampala. Shule iliyomlea inabaki na picha.

Miaka ya karibuni kuna jambo limebadilika. Kaskazini ya Mbale, wilaya ya Bukedea, shule mbili, Amus College na Bukedea Comprehensive, zimeamua kufanya kama Kitende: kukusanya vipaji, kuwalipia, kuwapa makocha. Kwa hiyo siku hizi Mbale SS haiogopi Jinja peke yake. Inaogopa jirani. Na Jinja SSS ikitaka kutoka mashariki inakutana na watu waliokula vizuri mwaka mzima. Sisi tunaona nafasi ya shule za kawaida bado ipo, hasa michezo ambayo basari hazijaingia sana, kama kriketi na raga. Kwenye mpira wa miguu, shule ya mjini isiyo na tajiri itabidi itegemee wingi wa wanafunzi wake, na mwalimu wa michezo asiyelala.

Tusisahau na hali ya hewa. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu zaidi ya 20. Mwaka huo ulikuwa pia mwaka wa imbalu, maana jando la Wagisu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili na hufunguliwa Agosti pale Mutoto. Mwalimu wa michezo wa Mbale hupanga kikosi akikumbuka mvua, jando na ada, yote kwa pamoja.

Karatasi za mchezaji

Hapa ndipo historia inatugusa mwili. Shule zikiogopana namna hii, kitu cha kwanza zinachokagua ni mamluki: mchezaji aliyepitisha umri, au asiyesoma pale. Ukaguzi ni wa haki. Bila huo, wanaume wenye watoto wangecheza dhidi ya watoto. Lakini karatasi zinazodaiwa, yaani umri, usajili, matokeo ya mtihani, ni zilezile ambazo mkimbizi aliziacha nyumba ikiungua.

Mwenzetu mmoja, kutoka Kivu, alisoma katika shule moja ya mashariki ambayo hatuitaji. Alikuwa beki wa kushoto, na tunaomjua hatutii chumvi tukisema hakuna winga aliyependa kukutana naye. Cheti chake cha TENAFEP kilibaki Kongo. Shule ilimpokea darasani, alicheza mechi za wilaya, halafu jioni kabla ya mechi za kanda akaambiwa jina lake limetolewa, wapinzani wameuliza matokeo yake ya msingi na hakuna kitu cha kuonyesha. Alisafiri na timu akibeba maji. Alisubiri mpaka akafanya UCE, akapata karatasi ya Uganda yenye namba yake, ndipo S5 akacheza. Miaka miwili ya mguu mzuri ilipotea hivyo, na hakuna aliyevunja sheria.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na mwenyeji kwenye elimu ya msingi. Sekondari haisemi hivyo; huko unahesabiwa kama mgeni mwingine. Ukiwa na cheti cha nje, UNEB inaweza kukilinganisha na cha Uganda, lakini inataka cheti halisi, tafsiri kama kimeandikwa Kifaransa, na ada. Kwa familia inayosubiri posho ya chakula, ada hiyo ni kitu kizito.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Wadogo zetu mliofanya PLE kwenye shule za kambi, ile karatasi ya matokeo msiiache kwenye begi la mtu. Pigeni picha, mpeni mzazi nakala, mpeni na mwalimu. Mliokuja na vyeti vya Kongo, Burundi au Sudan Kusini, anzeni kuulizia UNEB mkiwa S1. Ukingoja mpaka timu inapanda basi umechelewa.

Na ndugu wa mashirika: mnatuletea mipira na jezi, tunashukuru, tunavaa. Lakini mwaka ujao kwenye bajeti ya michezo wekeni mstari mmoja wa ada ya kulinganisha vyeti na tafsiri. Jezi kumi na moja zinavaliwa na yeyote aliyepo. Yule aliyekosa karatasi hayupo hata kwenye orodha ya kuvalishwa.

Sisi tumeanza kuandika majina ya wanaosoma Jinja na Mbale ambao hawana matokeo ya msingi. Kama wewe ni mmoja wao, au unamjua, tuandikie kwa siri kabla muhula wa kwanza haujafungwa. Ubishi wa nani atatoka mashariki tutauendeleza baadaye, na yule wa Nabumali tumemwekea nafasi.